Kizibo cha gobore hakiponi kwa tepu

Mhariri,

Naomba nafasi niwaase wenye magobore ya leseni wa Liwale na Nachingwea, wanaoyatumia kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori. Mtutu husuguliwa ukang'aa, kizibo cha nyuma, kinachofunga mwisho wa mtutu, hakiguswi. Moshi ukianza kuvuja kwenye meno ya kukizungushia mtutuni, mtu hukizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, tabaka juu ya tabaka, akaona kazi imekwisha.

Hapo pana hatari. Kwenye magobore ya kisasa, ambayo kizibo hufunguliwa, kinachozuia gesi ni uso wa mbele wa kizibo unaogota kwenye bega, yaani ukingo ulio ndani ya mtutu. Meno hukishikilia tu kisirudi nyuma. Masizi yakiganda begani, hata unene wa ukucha, kizibo hakigoti, gesi hupenya na meno huliwa. Tepu nene hudanganya mkono: kizibo huonekana kimekaza kabla hakijafika.

Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki masalia, mengi yakiwa chumvi zinazovuta unyevu. Kwa hewa ya Lindi mjini au Mikindani, usicheleweshe usafi hadi kesho. Mafuta peke yake hayayeyushi chumvi hizo. Maji ya moto yenye sabuni kidogo huziyeyusha.

Toa fataki, kisha tumbukiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, ulinganishe na alama uliyouwekea mtutu ukiwa mtupu. Ukiwa na hakika halina baruti, fungua kizibo kwa spana yake, kiloweke, sugua meno kwa mswaki mkuukuu. Tundu la moto, linalopitisha moto wa fataki hadi kwenye baruti, lizibue kwa waya laini bila kulipanua, maana likipanuka gesi nyingi hurudi nyuma. Futa bega kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti hadi kitambaa kitoke cheupe. Kausha kabisa.

Paka meno grisi ya shaba, utando mwembamba, isifike kwenye uso wa mbele wa kizibo wala tundu la moto. Anayependa tepu aweke mizunguko miwili au mitatu kwenye meno tu, kufuata upande wa kukazia. Vyote viwili ni vya kuzuia kizibo kisigande, si vya kuziba gesi. Kaza kwa mkono hadi kigote, kisha spana kidogo.

Gobore la kizamani lenye kizibo cha kudumu usilifungue nyumbani. Chomoa kichuchu cha fataki, mwagia mtutu maji ya moto. Kizibo kinachocheza au meno yaliyolika hayachomelewi: kikichomoka, humrukia mpigaji usoni. Mpelekee fundi silaha mwenye kibali. Na lile lililotengenezwa kwa bomba la maji, bila usajili, lisalimishwe polisi.

Wakati wa mvua, rudia kukagua baada ya siku mbili. Kitambaa kikitoka na wekundu wa kutu, osha upya kabla ya kupaka mafuta.

Msomaji,
Nachingwea, Lindi