Tusikimbilie kukusanya simu mlangoni

Mhariri,

Mimi ni meneja wa kitengo cha huduma kwa wateja. Mameneja wenzangu kadhaa wamegundua kuwa wafanyakazi wanawarekodi kwa siri, na sasa wanataka simu zikusanywe mlangoni kabla ya kila kikao. Siwaungi mkono.

Anayerekodi mara nyingi hujitambulisha mwenyewe. Jambo mmekwisha kulimaliza, yeye analirudia kwa sentensi ndefu iliyopangwa: "Kwa hiyo, meneja, unasema nisipokuja Jumapili sina kazi?" Niliulizwa hivyo na kijana mmoja wa zamu. Nikamjibu: "Sijasema hivyo. Nimesema zamu ya Jumapili ni yako, na ukiwa na udhuru niandikie mapema. Kama unarekodi, weka simu mezani, turekodi wote tukijua." Akaitoa mfukoni. Tukaendelea.

Alikuwa na sababu. Bosi aliyenitangulia alimwahidi kwa mdomo kubadilishiwa zamu, kisha akakana. Mtu aliyekanwa mara moja hutafuta ushahidi mara ya pili, na ukimnyang'anya simu ndipo anapoamini kabisa kuwa kuna la kufichwa. Ndiyo maana siku hizi, kila baada ya mazungumzo ya nidhamu au tathmini, namtumia mhusika muhtasari kwa barua pepe siku hiyohiyo. Akiona nimekosea, anasahihisha kwa maandishi. Kama bado anarekodi, sijui, na sijauliza.

Kabla ya kuandika barua ya onyo, muulize mwanasheria, kwa sababu sheria hazifanani. Katika jimbo la California, mazungumzo ya faragha hayarekodiwi mpaka wote waridhie. Sheria ya shirikisho ya Marekani hutosheka na ridhaa ya mmoja wa wazungumzaji. Ujerumani, kurekodi kwa siri maneno ya faragha ni kosa la jinai. Uingereza, mahakama ya rufaa ya kesi za ajira ilisema mwaka 2019 kuwa kwa kawaida huo ni utovu wa nidhamu, ila nia ya mtu ipimwe: anayemtega mwenzake si sawa na aliyechanganyikiwa anayetaka kumbukumbu.

Ninapokaza mimi ni katika kuwalinda watu wasiokuwamo kwenye ugomvi. Rekodi yenye taarifa za mteja, au ugonjwa wa mfanyakazi mwingine, ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, hilo ni shauri la nidhamu hata kama mrekodi alikuwa na haki dhidi yangu. Lakini ikiwa sauti iliyonaswa ni ya msimamizi anayemtukana au kumtaka kimapenzi aliye chini yake, tuanze na msimamizi. Nimeona ofisi zikianza na simu, na wiki nzima hakuna aliyeuliza yaliyosemwa.

Meneja wa huduma kwa wateja