Usilitupe Gamba la Tarantula Wako: Namna Tunavyolisoma ili Kujua Jinsia na Ukuaji Wake

Wateja wetu hutuuliza maswali mengi kuhusu chakula, joto na ukubwa wa visanduku, lakini swali linalokuja kwa haraka na kwa hofu kubwa zaidi ni lile la buibui aliyelala chali. Mteja hufungua kisanduku asubuhi, akamkuta tarantula wake amegeuka mgongo chini na miguu juu, hatikisiki, na kwa kuwa mende na wadudu wengine huonekana hivyo wakiwa wamekufa, hudhani kwamba naye amekufa. Mara nyingi yuko hai kabisa, na yuko katikati ya kujivua gamba. Tarantula anayekufa kwa kawaida hubaki amesimama huku miguu yake ikijikunja chini ya mwili, kwa sababu miguu hiyo hunyooshwa kwa shinikizo la damu, na shinikizo likishuka misuli ya kukunja hubaki ikivuta peke yake. Kwa hiyo ukimkuta amelala chali, funga kifuniko taratibu, usimguse, na uendelee kusoma.

Duka letu ni dogo, lipo Uingereza, na tunauza tarantula waliozaliwa katika ufugaji, si waliokamatwa porini. Makala hii tumewaandikia wateja wetu wanaozungumza Kiswahili, ambao wengi wao walianza na buibui mmoja na sasa wana rafu nzima, na wanataka kufuatilia ukuaji wa kila mmoja kwa makini. Tunachowaomba ni kwamba wasilitupe gamba lililovuliwa. Gamba hilo ndilo linalotuwezesha kusema, kwa uhakika unaozidi wa picha yoyote, kama buibui ni dume au jike, na ndilo kipimo cha kweli cha namna alivyokua.

Mwili wa tarantula umefunikwa na gamba gumu la khitini na protini ambalo halitanuki kadiri mnyama anavyokula. Tumbo peke yake lina ngozi laini inayoweza kuvimba, ilhali miguu, meno ya sumu na sehemu ya mbele ya mwili hubaki na ukubwa uleule mpaka gamba livuliwe. Mfugaji anayesema kwamba buibui wake amekua ndani ya miezi miwili, na hakuna gamba lililovuliwa katika muda huo, kwa kweli ameona tumbo lililojaa. Kukua kwenyewe hutokea katika muda mfupi sana, pale gamba la zamani linapofunguka na gamba jipya, ambalo bado ni laini, linapotanuka kabla halijakauka.

Dalili za kukaribia kwa tukio hilo si ngumu kuzitambua ukizizoea. Buibui huacha kula, na huweza kukataa chakula kwa wiki kadhaa au, kwa wakubwa, kwa miezi kadhaa. Tumbo lake huwa limejaa na kung'aa, rangi yake hufifia, na mwendo wake huwa mzito. Wale wa Amerika, ambao wengi wao wana vinyweleo vya kujikinga vinavyowasha mithili ya upupu, mara nyingi huwa na upara juu ya tumbo mahali walipovipukuta kwa miguu, na upara huo hugeuka kutoka rangi ya ngozi kuwa mweusi, kwa kuwa vinyweleo vipya vimekwisha kuota chini ya gamba la zamani navyo vinaonekana kwa nje. Wanaoishi katika mashimo huziba mlango kwa udongo au utando, na mteja akaja kutuambia kwamba buibui wake ametoweka. Hajatoweka, na tafadhali usichimbe.

Katika kipindi hiki yapo mambo mawili tunayoyasisitiza kuliko mengine yote. La kwanza ni kuondoa nyenje au mende yeyote aliye hai ndani ya kisanduku, maana buibui aliyelala chali hawezi kujitetea, na nyenje mwenye njaa atamtafuna. La pili ni maji: sahani ndogo ya maji safi iwepo wakati wote, kwa sababu buibui hutumia maji ya mwili wake kusukuma gamba la zamani hadi lipasuke, na aliyeishiwa maji huweza kunasa ndani yake, mguu mmoja au yote. Wateja wengine, kwa kuhurumia, humpulizia maji buibui aliye katikati ya kujivua, na hilo tunawasihi waache, kwani usumbufu wenyewe ni hatari kuliko ukavu. Kitoto chenye mwili wa sentimita moja humaliza kuvua gamba lake kwa dakika chache, ilhali jike mkubwa huweza kuchukua saa nyingi. Akishamaliza, meno yake huwa meupe na laini, baadaye huwa mekundu, kisha meusi. Usimpe chakula kabla hayajawa meusi, jambo ambalo kwa vitoto ni la siku chache na kwa wakubwa ni la wiki moja, mbili au zaidi.

Sasa tulitazame gamba lenyewe, ambalo kwetu ni kitu cha kustaajabisha hata baada ya kuyashika mengi. Sehemu ya juu ya kichwa hufunguka na kuinuka kama kipande kimoja, na buibui huchomoa kutoka humo miguu yote minane, vipapasio viwili na meno ya sumu, kila kimoja kutoka katika ala yake, mpaka ganda hubaki na umbo kamili la mnyama aliyeondoka. Kinachovuliwa si ngozi ya nje tu. Utando wa ndani wa kinywa na wa tumbo la kufyonzea hutoka pia, na vilevile utando wa mapafu, ambao ukiligeuza gamba la tumbo utauona kama mabaka manne meupe. Kwa majike hutoka pia utando wa ndani wa vifuko vya kuhifadhia mbegu za kiume. Ndiyo sababu jike aliyepandwa, akivua gamba kabla ya kutaga, hupoteza mbegu zote alizokuwa amezihifadhi na lazima akutanishwe na dume upya; wafugaji wanaotaka kuzalisha wanapaswa kulifahamu hilo kabla ya kupanga tarehe zao.

Vifuko hivyo ndivyo tunavyovitafuta. Gamba la tumbo huwa limekunjamana na kukauka kama kijidonge, kwa hiyo tunaliloweka katika maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo mpaka lilainike, kisha tunalifungua pole pole kwa brashi laini juu ya kioo, upande wa ndani ukitazama juu. Tunatafuta yale mabaka manne, na kati ya mawili yaliyo karibu na kichwa ndipo ulipo mfereji wa uzazi. Kwa jike, juu ya mfereji huo huinuka kijisehemu kinachoweza kusukumwa kwa ncha ya sindano, na umbo lake hutofautiana kati ya jenasi na jenasi: kwa Brachypelma huwa bamba moja pana, kwa Grammostola huwa vijifuko viwili vilivyotengana. Kwa dume, mahali hapo huwa patupu. Lakini madume wakubwa wa baadhi ya spishi huwa na tezi ndogo mahali hapohapo ambazo humdanganya asiyezoea, na hapo ndipo uzoefu na hadubini nzuri vinapohitajika. Tumewahi kuletewa buibui waliouzwa kwingine kama majike kwa kutegemea picha ya tumbo peke yake, na gamba likaonyesha vingine. Picha husaidia kukisia, nasi tukikisia tutasema wazi kwamba tunakisia.

Kwa nini jinsia iwe muhimu kiasi hicho? Kwa sababu inaamua utaishi na mnyama huyo kwa muda gani. Jike wa Brachypelma hamorii, yule wa Mexico mwenye magoti ya rangi ya chungwa anayependwa na wengi, huchukua miaka kadhaa kukomaa, akaendelea kuvua gamba mara moja kwa mwaka au kwa nadra zaidi ya hapo, na huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Dume huvua gamba lake la mwisho, akatokea na vipapasio vilivyovimba nchani na, kwa spishi nyingi, ndoano ndogo kwenye miguu ya mbele, na baada ya hapo kwa kawaida hubakiwa na miezi kadhaa au mwaka mmoja hivi. Hula kidogo, huzunguka kisanduku usiku kucha akitafuta jike, kisha hudhoofika. Mtoto aliyempa buibui wake jina anastahili kuelezwa hilo mapema, na mzazi anayemnunulia mtoto buibui anastahili kuelezwa kabla ya kulipa.

Wateja wetu wenye asili ya Afrika Mashariki huvutiwa, na tunawaelewa, na buibui wa kwao. Pterinochilus murinus, aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu wa buibui Pocock mwaka 1897, ana aina ya rangi ya chungwa ambayo wafugaji wa Ulaya huiita kwa jina la milima ya Usambara. Hukua haraka, na madume huweza kukomaa kabla hujamzoea. Hata hivyo hatumuuzii mtu anayeanza: buibui wa Afrika hawana vinyweleo vya kuwasha, wao hutegemea mbio na meno, na kuumwa naye huleta maumivu makali pamoja na kukakamaa kwa misuli. Magamba yake pia ni taabu kuyapata, maana huyavua ndani ya utando mzito aliousuka. Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania ni kinyume chake: hukua polepole mno, huishi katika shimo refu, na gamba lake hutolewa nje likiwa limekunjwakunjwa kuwa donge. Donge kama hilo tuletee hivyohivyo bila kujaribu kulifungua, kwa sababu sehemu tunayoihitaji ni ndogo na huchanika kwanza.

Kulitoa gamba, subiri buibui aliache mwenyewe na asogee mbali, kwa kawaida siku inayofuata. Tumia kibanio kirefu, usitumie vidole, na kwa buibui wa Amerika vaa glavu na usilipulize wala kulisogeza karibu na uso, kwani vinyweleo vya kuwasha hubaki kwenye gamba na vikiingia jichoni huleta madhara yanayohitaji daktari. Likaushe kabisa hewani kabla ya kulihifadhi, la sivyo litaota ukungu. Kwa njia ya posta liweke ndani ya kikopo kigumu chenye tishu kidogo, maana bahasha tupu hulifanya unga. Usitutumie buibui mwenyewe kwa posta ili tumtazame, gamba linatosha.

Wale wanaotaka kufuatilia ukuaji, na huu ndio upande wa kazi yetu tunaoupenda zaidi, wasitegemee urefu wa miguu ya gamba, kwa kuwa miguu hiyo hukunjwa na kuvutwa wakati wa kuvuliwa. Tunapima kigae cha kichwa, kile kipande kigumu kilichofunguka, kutoka mbele hadi nyuma kwa milimita. Kumbuka kwamba kipimo hicho ni cha ukubwa aliokuwa nao kabla ya kujivua, si alio nao sasa. Ukiyapanga magamba ya buibui mmoja kwa mfululizo wa tarehe utaona mambo ambayo jicho la kila siku haliyaoni: pale alipokosa joto la kutosha akakawia, pale mguu uliokatika ulipoanza kurudi ukiwa mwembamba na mfupi, kisha ukanenepa katika gamba lililofuata. Wenye makusanyo makubwa wanapaswa kuandika nambari ya kisanduku juu ya kila kikopo siku ileile, kwa sababu magamba ya spishi zilizo karibu hayatambulikani kirahisi yakishachanganyika.

Andika pia jina la spishi kama lilivyo kwenye karatasi ya mauzo, hata kama unalitilia shaka. Mwaka 2017 wataalamu walitenganisha upya Brachypelma smithi na Brachypelma hamorii, na buibui wengi waliouzwa zamani kwa jina la smithi ni hamorii. Majike wazee bado wako hai na lebo hizo. Jenasi nzima ya Brachypelma imo katika Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, kwa hiyo karatasi inayoonyesha buibui alizaliwa wapi itunzwe pamoja na kumbukumbu zake, hasa ikiwa siku moja utataka kumhamishia nchi nyingine.

Kusoma gamba la buibui aliyenunuliwa kwetu ni bure, hata akiwa amekaa kwako miaka mingi. Kwa wengine tunatoza ada ndogo, na hatutozi chochote iwapo gamba limechanika kiasi cha kutosomeka. Buibui mwenye upana wa miguu wa sentimita 5 au zaidi kwa kawaida hutupatia jibu. Chini ya hapo tunajaribu kwa hadubini, na mara nyingine tutakuomba usubiri gamba linalofuata. Jibu litakuja pamoja na picha ya sehemu tuliyoisoma na kipimo cha kigae, na gamba lenyewe utarudishiwa ukilitaka. Katika kikopo tuandikie tarehe aliyojivua, mlo wake wa mwisho kabla ya hapo, na joto la chumba anamokaa.