Waraka wako sijautia saini

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, huku sote hatujambo, na kaskazi imeanza kulegea. Waraka wako ulinifikia Alhamisi kwa mkono wa utingo wa basi. Niliusoma barazani kabla ya adhuhuri, nikausoma tena usiku. Wewe na wanajeshi wastaafu wenzako mmeandika kwamba kila kazi itakayotangazwa katika kaunti zetu za Pwani, mwanajeshi mstaafu akiomba atangulizwe mbele ya wote. Umenitaka saini kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu, na niliwahi kukaa kwenye kamati ya kuajiri. Sijaiweka. Nakuandikia mapema usije ukasikia kwa mwingine.

Usidhani nimesahau. Ule mwaka uliorudi kutoka Somalia ulikuja Lamu, tukakaa Mkunguni, muuza kahawa akakupa kikombe. Ulikipokea kwa mkono wa kulia kama tulivyofunzwa, vidole viwili vikakataa kujikunja, kahawa ikakumwagikia kanzuni. Ukakihamishia kushoto haraka, ukaangaza macho kama kuna aliyeona. Mimi niliona. Tangu siku hiyo mtu akiniambia kwamba askari alishalipwa mshahara wake na yamekwisha, ugomvi wangu naye haumaliziki upesi. Na uliponisimulia kuwa kule hotelini ulikokwenda kuomba kazi walikutazama unavyotembea kabla hawajakuuliza unajua nini, sikupata usingizi.

Kwa hivyo deni lipo. Ninachouliza ni linatoka mfukoni mwa nani.

Kuna jambo sijawahi kukueleza. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye kamati ya kumtafuta nahodha wa boti ya wagonjwa, ile ya kuwatoa watu visiwani usiku, Faza, Kizingitini, Ndau, kuwaleta hospitali. Nafasi ilikuwa moja, nao wakabaki wawili. Wa kwanza alikuwa sajenti mstaafu, mtu wa bara aliyehamia Hindi, huku huku Lamu, mkakamavu, majibu yake mafupi, vyeti vyake vimepangwa vizuri kwenye faili. Wa pili kijana wa Kizingitini, mvuvi mwana wa mvuvi, hana karatasi ila leseni ya unahodha na barua ya mzee wa mtaa. Mwenyekiti wetu akasema, "Huyu ameilinda nchi, tutamnyimaje?" Kimya. Mimi nilikukumbuka wewe na kikombe chako, nikanyosha mkono. Sajenti akapata kazi.

Haikutimia miezi mitatu, boti ikapwelewa Mkanda. Unaujua Mkanda. Maji yakipwa, njia hubaki mshipa mwembamba baina ya mikoko ya Manda na ya bara, na mshipa wenyewe haukai palepale, huhama na mchanga. Usiku ule mwezi ulikuwa umeandama, bamvua, maji yanatoka kwa nguvu, giza tupu. Ndani mlikuwa na mama mwenye uchungu, mamake mzazi, na mkunga. Walikaa topeni saa nyingi wakingoja maji yarudi. Mtoto alizaliwa hapo hapo, juu ya mbao za boti. Alhamdulillahi, yeye na mamake wako hai.

Sajenti nataka nimtendee haki. Mkunga ndiye aliyenisimulia. Hakupayuka wala hakumlaumu mtu. Alivua koti lake akamfunika mama, akashuka kwenye tope mpaka mapajani, akaishikilia boti isilale ubavu, tochi ameibana kwa meno ili mkunga apate kuona. Ukimya ule na uthabiti ule jeshi ndilo lililomfunza, na hospitali yoyote ingekuwa na bahati kumpata. Kosa lilikuwa letu. Tulimpa kazi asiyoijua kwa ajili ya kazi aliyokwisha kuifanya, tukamweka mahali ambapo wema wake wote haukuweza kuongeza shubiri moja ya maji. Yule kijana Mkanda huupita gizani kwa kusikiliza tu maji yanavyopiga kwenye mizizi ya mikoko. Nilimkuta baadaye gatini anapakua mifuko ya saruji. Aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu." Niliitika nikitazama chini.

Na kijana huyu ni nani? Jeshi letu lilipovuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, wewe ulikwenda ng'ambo. Sisi tuliobaki, vita vilitufuata majumbani. Juni 2014 Mpeketoni waliuawa watu zaidi ya 60. Ikaja amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku kwa miaka, na wewe wajua samaki wetu wengi huvuliwa usiku. Septemba 2015 ikaanza operesheni ya usalama ya msitu wa Boni, na Waaweer, ambao riziki yao ni asali na matunda ya msitu ule, wakafungiwa nje ya msitu wao, na shule za kata yao ya Basuba nazo zilifungwa miaka hiyo. Babake kijana yule aliuza nyavu zake katika miaka hiyo. Watu hawa nao wamelipia vita vile vile ulivyolipia wewe, sahibu, na hawakupewa gwanda wala pensheni. Waraka wenu unasema wapishe njia tena. Hapo ndipo kalamu yangu iliposimama.

Somo la darasa la saba nililolifundisha miaka mingi hulikumbuki? Baada ya vita vya kwanza vya dunia, serikali ya kikoloni iliwatanguliza askari. Mwaka 1919 wanajeshi wazungu waliomaliza vita waligawiwa mashamba ya nyanda za juu, na ardhi ya Wanandi ikamegwa ili ipatikane ya kuwatosha. Wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita ile ile mpaka Tanganyika, hawa walioacha jina Kariakor pale Nairobi, hawakupata hata kipande. Shukrani kwa askari ilikuwepo. Ila ilitolewa kwa mali ya watu wengine.

Wamarekani wamelifanya hili muda mrefu, na mambo yao yanafaa kuangaliwa. Sheria yao ya mwaka 1944 kwa kazi za serikali kuu humwongezea mstaafu alama 5, na aliyejeruhiwa alama 10. Kwanza afaulu mtihani, kisha ndipo aongezewe. Hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Lakini jimbo la Massachusetts lilifanya kama mnavyotaka nyinyi: mstaafu akishafaulu tu, anakaa juu ya kila asiyekuwa mwanajeshi. Mwanamke mmoja, Helen Feeney, alikuwa wa pili kwa alama kwenye mtihani wa mwaka 1971, akawekwa wa sita, nyuma ya wanaume watano waliotoka jeshini. Kesi ikafika mahakama yao ya juu kabisa mwaka 1979, akashindwa. Jeshi lao kwa miaka mingi lilikuwa limeweka kikomo cha wanawake, asilimia 2, kwa hivyo alinyimwa kazi kwa kukosa kitu alichokuwa amezuiwa kukipata. Sasa nihesabie mabinti wa Faza na Siyu waliopata nafasi ya kuingia jeshini.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 232, inataka watu waajiriwe katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na sifa, na wanawake, jamii zote na wenye ulemavu wapate nafasi. Wewe mwenyewe kwa mkono huo umo ndani ya ibara hiyo. Na sheria ya wanajeshi wastaafu ya mwaka 2022 ipo. Ishikeni hiyo, iwabane walioko Nairobi. Matibabu yako, mafunzo mapya, cheti cha kiraia kwa yale uliyoyafanya jeshini, hayo ni deni la taifa zima na yalipwe na hazina ya taifa zima. Miaka mingi umetengeneza magari ya jeshi, halafu gereji inakwambia huna karatasi! Hilo linaniuma kuliko yote, na ndilo ningeanza nalo.

Nimewarudishia waraka ndani ya bahasha hii. Kifungu cha tatu, kile cha kuwatanguliza mbele ya wote, nimekikata, pembeni nimeandika: alama za nyongeza kwa aliyefaulu, maradufu kwa aliyeumia vitani, na mwenyeji anayeijua kazi asiondolewe. Cha vyeti nimekiongeza mwanzo kabisa. Waonyeshe wenzako. Wakikubali, nitapanda basi nije Malindi niweke saini mbele yao wote, na nitazunguka nao ofisi kwa ofisi. Wakikataa, nitakuja vile vile, kwa sababu ile hoteli nataka twende pamoja, wakuulize mbele yangu unajua nini.

Msalimie shemeji. Achari yake imekwisha, chupa nimeifunga kwenye mzigo huu huu.

Ni mimi sahibu yako,
Mwalimu