Kwa nini tunakuuliza habari za hedhi kabla ya kukutoa ndevu

Kuna mteja wetu wa Jumamosi anayefika kabla hatujamaliza kufagia. Mtandio kaufunga mpaka kidevuni, na jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua. Anasalimia, anachungulia kama kuna mtu mwingine ndani, ndipo anasema kwa sauti ya chini: "Dada, zile za kidevuni mnatoa?"

Tunatoa. Kidevu na juu ya mdomo kwa uzi ni shilingi 5,000, nyuma ya pazia, na hakuna atakayekutangaza Isevya nzima. Ila kabla uzi haujagusa ngozi tunauliza mambo matatu: siku zako zinakuja kila mwezi? Ndevu zilianza lini? Usoni unapaka nini? Wapo waliokasirika wakabeba mikoba yao wakaondoka, eti saluni imegeuka kliniki. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja.

Ndevu za mwanamke huoteshwa na homoni zinazoitwa androjeni. Maarufu kati yake ni testosteroni. Tumezoea kuziita homoni za kiume, na jina hilo ndilo linalotupoteza. Mwanamke anazo pia. Zinatengenezwa kwenye ovari, yanakokaa mayai ya uzazi, na kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na anazihitaji, maana hata estrojeni, hiyo tunayoiita ya kike, mwili unaipika kutokana na androjeni. Kinachotofautiana ni kiasi. Mwanamume mzima huwa na testosteroni nanogramu 300 hadi 1,000 hivi katika desilita moja ya damu. Mwanamke, kama 15 hadi 70. Mwenye kidogo akiongezewa kidogo, inaonekana.

Inaonekana wapi? Kwenye malaika. Yale malaika laini ya kidevuni, kifuani na chini ya kitovu yakipata androjeni nyingi yanageuka nywele nene nyeusi. Kinyweleo kikishageuka hakirudi nyuma haraka, ndiyo maana hata anayepewa dawa hospitali huambiwa asubiri miezi sita au zaidi kabla ya kuona tofauti. Mimi na uzi wangu nang'oa kilichoota tu. Kinachootesha kipo kwenye damu.

Wembe nao unasingiziwa. Kunyoa hakuzidishi ndevu wala hakuzinenepeshi, ni ile ncha iliyokatwa butu inayokwaruza ukipitisha kidole. Ubaya wa wembe kwetu ni mwingine: nywele zetu zimejikunja, zikikatwa karibu sana zinarudi kuchoma ngozi zenyewe, vinatoka vipele na madoa meusi ambayo wengi wanayachukia kuliko ndevu. Na hapana, asali ya Sikonge na mdalasini haitoi ndevu. Iache kwenye chai.

Sasa lile swali la hedhi. Mwenye ndevu, chunusi za taya zisizokwisha, na hedhi inayoruka miezi miwili mitatu, mara nyingi ana hali ambayo madaktari wanaiita PCOS, yaani homoni kuvurugika na ovari kuonekana na vifuko vingi. Si ugonjwa wa watu wachache: karibu mwanamke mmoja katika kila kumi wa umri wa kuzaa anayo, na wengi hawajui. Ukienda ultrasaundi unaambiwa ovari zina vifuko vingi, na hapo ndipo watu wanapokimbilia mitishamba ya "kuyeyusha uvimbe" na "kusafisha kizazi". Vile si uvimbe. Ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani, yai halikutoka. Hakuna cha kuyeyusha, na kizazi hakijachafuka. Tena picha peke yake haitoshi: daktari huangalia mambo matatu, yaani hedhi isiyo na mpango, dalili za androjeni nyingi na hiyo picha, na kwa kawaida anataka mawili kati yake, akishahakikisha si ugonjwa mwingine.

Wengi wenye hali hii wana tatizo upande wa insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Seli zikiwa sugu, mwili unamwaga insulini nyingi zaidi, na hiyo insulini inazichochea ovari zitengeneze androjeni. Ndiyo sababu mtu anakuja kwa ajili ya kidevu, kumbe cha kuangaliwa mapema ni kisukari. Kwa aliyenenepa, kupunguza hata sehemu ndogo, tuseme kilo nne mpaka nane kwa mwenye kilo 80, kunaweza kurudisha hedhi kwenye mstari. Wapo wembamba nao wanayo, kwa hiyo mawifi waache kumhukumu mtu kwa mwili.

Swali la tatu, la unachopaka, lina historia yangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo niliuza krimu za kung'arisha, zile za tyubu. Mteja mmoja alitumia miezi kadhaa, akang'aa kweli, halafu mashavu yakaota manyoya na vipele. Akarudi kwangu nimtoe manyoya, nikamtoa, nikamuuzia tyubu nyingine. Sikujua kwamba nyingi ya krimu hizo zina dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikipakwa muda mrefu zinakondesha ngozi na kuotesha nywele pale pale zinapopakwa. Hapo homoni zake hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kabati langu. Siuzi tena, na anayetumia namwambia asiache ghafla bila kuonana na daktari wa ngozi, maana uso unaweza kuwaka moto. Hata minoksidili, ile ya kuotesha nywele za pembeni, inaweza kuleta malaika usoni.

Na kwa kuwa tumegusa nywele za kichwa: zikikatika pembeni, kwanza laumu msuko unaobana. Zikipungua utosini huku njia ya katikati inapanuka, hapo ndipo homoni zinaingia.

Limebaki swali la ndevu zilianza lini. Tunauliza kwa sababu ipo hali ambayo sikugusi kabisa. Ndevu zimetoka kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti imekuwa nzito, kipaji cha uso kinapanda kama cha baba: nenda Kitete au hospitali nyingine kubwa, usisubiri. Inaweza kuwa uvimbe kwenye ovari au kwenye zile tezi za juu ya figo. Waliokoma hedhi wakaona nywele mbili tatu za kidevuni wasishtuke, hiyo ni kawaida, estrojeni imeshuka.

Vijana wa kiti cha kinyozi upande wa pili nao wananiuliza kuhusu sindano za testosteroni za kujaza kifua. Ukiingiza ya nje, ubongo unaona ipo ya kutosha, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua, wengine zinakwisha. Kifua unacho, mtoto hupati.

Sisi hatupimi damu wala hatutoi vidonge. Vidonge vya majira, metformini ya wenye kisukari, spironolaktoni ya kuzuia androjeni, hivyo ni vya daktari, na hicho cha mwisho hakimfai anayetafuta ujauzito. Ukiandikiwa kipimo cha testosteroni, nenda asubuhi, na uulize ni siku ya ngapi ya hedhi wanakutaka.

Jumatatu na Jumanne asubuhi ndizo siku zetu tulivu. Usinyoe wala kung'oa wiki mbili kabla ya kuja, ili uzi upate pa kushika. Na kama una miadi ya daktari wiki hiyo, mwanzie yeye ukiwa na ndevu zako hivyo hivyo, azione zilivyo. Ukitoka huko pitia kwetu.