Mwanangu aliniambia ukweli kuhusu safari yao ya kuhitimu, sasa sijui niufanyie nini

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, nyumba nzima imelala. Mbele yangu kuna karatasi ya malipo ya safari hiyo ya mwanangu: dola 260, zinatakiwa kabla ya Ijumaa ijayo. Arbuni tulishatoa mwezi wa pili. Nikilipa hizi zilizobaki, nitakuwa nimeridhia jambo huku nikilijua lilivyo. Nisipolipa, naogopa mwanangu ataondoka kwenda chuo mwezi wa nane akiwa amenifungia moyo.

Tunaishi Maryland, Marekani. Tulikuja kwa bahati nasibu ya viza, huu mwaka wa nne. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 17, anamaliza darasa la 12, ndiyo mwisho wa sekondari huku. Alipoanza la 9 alikuwa hana rafiki hata mmoja. Mwaka mzima alikula chakula cha mchana peke yake maktaba, na mimi nilikuja kulijua hilo baadaye sana, kwa mwalimu. Hawa vijana saba anaotaka kusafiri nao ndio waliomtoa maktaba. Naomba hilo ulishike, kwa sababu bila hilo utaniona mama mlegevu tu.

Sherehe za huku za kumaliza shule ni msururu. Kulikuwa na dansi la wahitimu, lile wanaloliita promu. Alikodi suti, akamnunulia mwenzake wa dansi ua la kuvaa kwenye kifundo cha mkono, likalala kwenye friji yangu ndani ya kijisanduku cha plastiki. Aliamka mara mbili usiku kuja kuhakikisha halijashika harufu ya samaki. Kuna vitabu vya mwaka vya kusainiana, kuna siku ya kutoroka shule wote kwa pamoja, kuna joho na kofia. Kofia ina kishada kinachoanzia kulia, na ukishatangazwa umehitimu unakihamishia kushoto. Nimemkuta kwenye korido akifanya mazoezi ya kukihamisha, mdogo wake akimpigia makofi. Shangazi, nililia.

Mahafali ni wiki ya kwanza ya Juni. Baada ya hapo inakuja hii safari. Wahitimu wengi wa Maryland huenda Ocean City mwezi huo, wanakodi nyumba karibu na bahari, wanakaa wiki. Kutoka kwetu ni kama saa tatu kwa gari, unavuka daraja la Chesapeake. Nyumbani Tanzania sisi tulifanyiwa mahafali ya kidato cha nne kabla hata ya mtihani wa Novemba, kwa hiyo ulikula keki huku tumbo linakusokota kwa hofu. Huku sherehe inakuja kila kitu kikiwa kimekwisha, na watoto wanaona hakuna tena cha kupoteza. Si kweli. Chuo kinaweza kufuta nafasi ya mtu hata kikiwa kimeshamkubali.

Baba yao alikubali safari kwa sharti moja, awepo mzazi. Mzazi yupo. Mama wa rafiki yao mmoja ndiye aliyekodi nyumba kwa jina lake na atalala nao humohumo. Tukatoa arbuni, tukatulia.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda dukani, kijana akiendesha. Tulipofika akazima injini lakini hakushuka. Alishika usukani akitazama mbele, kisha akasema: "Mama, kuna kitu baba hajui. Mama yake yule amesema atatununulia bia. Atakusanya funguo za magari zote mlangoni, mtu asiendeshe. Mimi sinywi. Lakini sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Ningeweza kukudanganya."

Nilimwambia ahsante kwa kuniambia. Sikuwa na neno jingine.

Kesho yake nilimpigia simu yule mama. Hakukasirika, alinijibu kwa upole kabisa. Alisema watoto hawa watakunywa tu, akiwapa yeye na akakaa na funguo, angalau hakuna atakayekufa barabarani. Nakiri kuna nusu ya maneno yake niliyoyaelewa. Ndani ya jimbo hilihili vijana wawili walikufa kwenye ajali ya gari Juni 2015 wakitoka kwenye pati iliyokuwa na pombe, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria yenye majina yao, Alex and Calvin's Law, ya kuwabana watu wazima wanaowaachia vijana wanywe. Yeye anasema ndiyo maana anakusanya funguo. Mimi nasema sheria haikuandikwa ili watu wazima wajue namna nzuri ya kuwanywesha watoto. Umri wa kunywa huku ni miaka 21, na katika wale wanane hakuna hata mmoja aliyefika 19.

Na gari si hofu yangu pekee. Kijana wangu amepata kazi ya kiangazi, mwokoaji kwenye bwawa la kuogelea la mtaa wetu. Amefanya mafunzo, cheti anacho, anaanza kazi wakirudi tu. Sasa nifikirie usiku, vijana wanane, bia, na bahari iko hatua chache kutoka mlangoni. Waokoaji wa ufukwe wa Ocean City wanaondoka saa 11 na nusu jioni. Mmoja wao akilewa akaingia majini saa sita usiku, ni nani atakayemfuata? Ni wangu. Atajirusha bila kufikiri, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyo. Lakini alijifunza kwenye bwawa, maji yaliyotulia. Kwenye bahari ile kuna mikondo inayomvuta mtu kwenda kilindini hata akiwa hodari.

La pili ni makaratasi yetu. Bado hatujawa raia, mwakani ndiyo tunafikisha muda wa kuomba. Ile fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, kuzuiliwa au kuandikiwa kosa na polisi. Wenzake, polisi wakiingia kwenye nyumba ile, wataandikiwa, watalipa faini, wazazi watagomba, yatakwisha. Wangu itabidi alieleze jambo hilo mbele ya afisa wa uhamiaji, hata kama mkononi alishika soda.

Najua utaniuliza kwa nini nisimwambie baba yao nikamaliza. Baba yao ni mtu mwema, anafanya kazi usiku ghalani ili hawa watoto wasome, ila akishakata neno halirudi. Atafuta safari siku hiyohiyo na atapiga simu kwa kila mzazi. Mwanangu atajifunza jambo moja tu, kwamba kumwambia mama ukweli kunamgharimu mtu. Na mwezi wa nane anakwenda kuishi bwenini, huko kila ninachojua kitakuwa kile atakachoamua yeye kuniambia.

Nimewaza niende nami, nipange chumba karibu. Likizo yangu imebaki siku sita, nimeziweka za kumpeleka chuo. Na nilipolitaja alinitazama tu, akasema, "Mama, tafadhali."

Nimemwonyesha pia kwamba mji wenyewe una mpango unaoitwa Play It Safe, wa michezo ya bure isiyo na pombe kwa ajili ya wahitimu kila Juni. Alisoma yote, akasema watakwenda baadhi ya siku. Namwamini. Ila michezo itakwisha na usiku utabaki palepale.

Lakini hilo lililonitoa kitandani leo ni jingine, Shangazi, nalo nimelichelewesha kwa aibu. Katika wale saba yumo mtoto wa mama mmoja Mkenya tunayesali naye. Huyu dada mumewe alifariki, ana huyo mmoja tu. Mwezi uliopita, baada ya ibada, alinishika mkono akaniuliza, "Dada, wewe wako unamruhusu?" Nikamjibu ndiyo, kuna mtu mzima atalala nao. Wakati ule ndivyo nilivyojua. Jumapili iliyopita akaniambia amemaliza kulipa, kwa sababu mimi nilimwambia kuko salama. Nilikuwa nimeshajua kuhusu bia siku nane. Nikatabasamu nikamuuliza habari za mgongo wake.

Kwa hiyo naomba unisaidie. Je, nimwambie huyu dada? Nikimwambia, atamuuliza mwanawe, na ndani ya saa moja wale wote wanane watajua ni nani aliyesema. Nimtangulie kijana wangu, nimwambie kabla sijafungua mdomo popote, au nimpe nafasi ayaseme yeye mwenyewe kwa wenzake? Na baba yake, je? Miaka 19 ya ndoa sijamficha jambo la watoto, hili ni la kwanza, na kila asubuhi anaporudi kazini nikimwekea chai naliona liko mezani kati yetu. Kuna wakati nafikiri nimrudie yule mama, nimwambie waziwazi kwamba bia isipoondoka nitawaambia wazazi wote, halafu naona hilo nalo ni kumuuza mwanangu kwa njia ndefu zaidi.

Usinionee haya. Kama nimekosea tangu pale kwenye gari, niambie.

Jana usiku kijana alikuja kunywa maji, akaikuta hii karatasi mezani. Akaniuliza kama nimeshalipa. Nikamwambia bado. Alisimama kidogo na glasi mkononi, akasema, "Sawa, mama," akaenda kulala bila kuniuliza kwa nini.

Wako,
Mama wa watatu, Maryland