Malalamiko: mizizi 12 ya astilbe iliyofia Mikindani

Mikindani, Mtwara
4 Agosti 2025

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MIZIZI YA ASTILBE NA MADAI YA SH 123,000

Februari nilinunua kwenu vipande 12 vya mizizi ya astilbe, ua la bustani, Sh 9,000 kila kimoja, nikalipa na Sh 15,000 za kusafirisha mzigo kwa basi. Kifurushi kiliandikwa: "Hupenda kivuli na unyevu, hudumu miaka mingi." Kivuli ninacho, cha mwembe wa marehemu baba. Maji nayo yapo, pipa liko hatua tatu tu.

Nilipanda kwa samadi iliyooza, juu nikatandaza makumbi ya nazi ili udongo usikauke. Yalichipua, sisemi uongo. Majani yalitoka mekundumekundu, yamechanikachanika kama ya karoti. Shina moja likatoa hata ua la waridi, mfano wa unyoya wa kuku uliosimama. Siku ya nne likawa rangi ya chai. Kufika Mei kingo za majani zilikuwa zimekauka, ukizigusa zinavunjika mkononi. Mwezi uliopita nilifukua: mizizi imesinyaa kama tangawizi iliyosahauliwa stoo, mingine inanuka.

Mhudumu wenu alinijibu kwa WhatsApp kwamba simwagilii. Mimi! Chini ya mwembe huohuo nina pisi lili, lile ua jeupe la jani pana. Ukilisahau siku moja linalala chini kama limepigwa, ukilipa maji linasimama tena. Mwaka huu ni wa sita linachanua. Kisha akaniambia niweke barafu kwenye mashina. Nikanunua barafu kwa jirani wiki nzima, watoto wa mtaani wakidhani nimeanza biashara ya juisi.

Bwana shamba wetu ndiye aliyeuliza swali lililowapasa ninyi: "Ua hili kwao hulala lini?" Kwao ni Japani, Korea na Uchina, na aina nyingine milima ya mashariki mwa Marekani. Majira ya baridi majani hufa, mzizi ukapumzika ardhini miezi kadhaa, ndipo huamka na nguvu. Mikindani usiku wa Julai, ndiyo baridi yetu hiyo, shuka moja latosha. Mimea yangu ilikesha mpaka ikaisha.

Anwani yangu mliijua, mliiandika wenyewe kwenye mzigo. Kama ningekuwa Makete, kunakoanguka sakitu, tungezungumza mengine.

Naomba mnirudishie Sh 123,000 kwa namba ileile niliyolipia. Gharama ya barafu nitaibeba mwenyewe. Na kwenye kifurushi ongezeni maneno matatu: "Si la pwani." Nisipopata jibu hadi tarehe 18 Agosti, nitapeleka risiti, picha na ujumbe wa yule mhudumu Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja wa Mikindani