Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Shehena Hatari

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atawasomea mweka hazina. Mimi muda wangu nautumia kwa shehena hatari, maana mwaka huu imetutia hofu sote tunaofanya kazi bandarini.

Tarehe 25 Mei meli ya MSC Elsa 3 ilizama nje ya Kochi, jimbo la Kerala, India, ikiwa na makontena 640. Kati yake 13 yalikuwa na shehena hatari, na 12 ya hayo yalibeba kabaidi, ile ile ya wachomeleaji. Kabaidi ikilowa hutoa gesi ya asetilini, ambayo cheche ndogo tu inatosha kuiwasha. Mabaharia wote 24 waliokolewa. Haikupita muda, tarehe 9 Juni, Wan Hai 503 ikalipuka na kuwaka moto kwenye bahari hiyo hiyo ya Kerala. Waliokolewa 18, wanne wakapotea. Tuwakumbuke, ni wenzetu wa kazi.

Anayepanga mzigo melini haoni kilichomo kontenani; anaona karatasi. Mteja akificha klorini ya unga akaandika kitu kingine, kontena litashushwa ngamani, ndani ya tumbo la meli, pengine jirani na tangi la mafuta yanayopashwa joto, na hapo moto ni suala la muda tu. Au chukueni sayanaidi, sumu ya kuchenjulia dhahabu, inayopita Dar es Salaam kwenda migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Huja kwenye makasha ya mbao, ndani ya kila kasha mfuko mkubwa wa takribani tani 1. Ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Ndiyo maana Kanuni za IMDG, yaani kanuni za kimataifa za shehena hatari melini, hazikubali kontena la asidi likae safu moja ya wima na la sayanaidi bila sitaha kuyatenga: pipa la juu likivuja, asidi inateremka.

Nampongeza karani wetu wa zamu ya usiku aliyezuia kontena lenye bango la hatari la kundi la 8 (vitu vinavyounguza, kama asidi) mlangoni tu, ubavuni halina, huku karatasi ikisema sabuni. Mabango yanatakiwa pande zote nne. Aliambiwa meli inachelewa, hakuyumba. Kamati ilisimama naye, na itasimama na yeyote atakayefanya hivyo. Kontena linaweza kusubiri meli nyingine.

Jambo jipya ni mkaa. Kuanzia 1 Januari 2026 mkaa wa kontena ni shehena hatari, na cheti cha maabara cha kuutoa kwenye kanuni hakitumiki tena. Kwa kawaida unatakiwa upigwe hewa siku 14 baada ya kuchomwa, joto lake wakati wa kupakia lisizidi nyuzi 40, na juu ya mzigo ibaki nafasi ya sentimita 30 hadi kwenye paa la kontena. Mkaa hujipasha joto wenyewe, tena taratibu, hata moshi uonekane meli ikiwa mbali na nchi kavu. Anayeshuhudia upakiaji adai kuona joto likipimwa mbele yake.

Kamati inaomba ridhaa yenu kutumia sehemu ya mfuko wa mafunzo kununua vipimo vya gesi kwa zamu zote, ili asiwepo mtu wa kuingiza kichwa kwenye kontena lililofungwa muda mrefu bila kujua anavuta nini. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti